Kibaba cha Mfuto

Tatu binti Kibwana bin Hiza, Mzigua wa Sindeni, hakuzaliwa katika nyumba ya watu wa kuomba mbegu. Babu yake Hiza ndiye aliyewalisha watu ndiga katika njaa ya zamani. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Hukatwakatwa na kulazwa mtoni siku nyingi ndipo kilike, na waliofanya haraka walizikwa. Hiza alikuwa akila kipande cha kwanza peke yake, analala, watu wamemzunguka wanasubiri. Akiamka, wanakula. Baba yake Kibwana alibebeshwa mizigo ya vita vya Wajerumani na Waingereza mpaka Rufiji, akarudi na mguu uliovimba na kichwa cha jembe alichokificha ndani ya blanketi, na kwa jembe hilo akafungua shamba ambalo watu wa Sindeni waliwaonyesha wageni. Mama yake naye, mwaka wa nzige, alifukia mtungi wa mbegu chini ya mafiga. Nzige walipokwisha, kijiji kizima kilipanda kutoka jikoni kwake.

Hao ndio watu wa Tatu. Aliwahesabu kwa vidole kila alipotwanga, na kila alipomaliza kuwahesabu alinyoosha kidole cha nne, kidole chake mwenyewe.

Aliolewa ng'ambo ya mto Pangani, na Mhando wa Kwemsala, kitongoji kilichokuwa juu kidogo ya mashamba ya mkonge ya Ngombezi, upande wa Korogwe. Huko ndiko alikokabidhiwa kilindo. Mkwewe alipozeeka alimwita, akamwonyesha pipa la gome la mti lililoshonwa kwa kamba, mfuniko wake wa gome vilevile, limekaa darini juu ya moshi wa jiko.

"Mbegu ya Kwemsala yote imo humu," mkwewe alimwambia. "Hiki si changu wala si chako. Kinakaa penye shamba zuri. Masika mbili za kushindwa zikifuatana, kinahama. Sijawahi kukiona kikihama, na usinionyeshe."

Ndiyo ilikuwa desturi. Mahindi yakitoa ndevu, jumbe alipita shambani kwa mwenye kilindo na wazee wawili, akatazama, akaondoka. Mwezi wa pili, kabla ya mvua, wanawake wote walikuja kwa Tatu na vikapu vyao, naye akawapimia kwa kibaba cha tele, punje zimepanda juu kama kichuguu mpaka zinaporomoka. Tatu alizipenda zile punje zinazoporomoka kuliko shanga. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyepokea kwake kibaba kisichomwagika.

Na shamba lake lilikuwa safi. Kila mwaka alifyeka, akakusanya, akachoma, kisha akafagia. Ndiyo, alifagia shamba kwa ufagio wa miti kama mtu anayesubiri wageni wa mahari. Jani likianguka juu ya udongo, aliliokota. Mhando alisema kuku akienda kule atakufa njaa. Udongo wenyewe, ambao wakati wa mkwewe ulikuwa mweusi, mwaka hadi mwaka ulipauka, na mvua ikinyesha maji yalishuka mekundu mpaka barabarani. Tatu aliyaona maji yale. Alidhani ni uchafu unaoondoka.

Vita vya Hitla vilipokwisha akaja Grasiana.

Mumewe, Kasmiri, alikuwa Mmatengo kutoka upande wa Songea. Aliletwa Ngombezi na wenzake kama manamba, mkataba ukaisha, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki akifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge. Akaenda kwao mara moja tu kumchukua mkewe. Grasiana alikaa kambini miezi mitatu, akasema hawezi kuishi mahali ambapo hata mchicha unanunuliwa. Kasmiri akaenda kwa Jumbe Mkomwa kuomba ardhi, na jumbe, kama ilivyokuwa kawaida, akamwuliza mwenye kilindo.

"Wape mteremko wa mawe," Tatu akasema.

Ulikuwa mteremko uliokwisha kuwashinda watu wa nyumba mbili. Jumbe alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akawapa.

Siku Grasiana alipokuja kuomba mbegu kwa mara ya kwanza, wanawake wengine walikuwepo, wamekaa uani na vikapu. Alipita kando ya shamba la Tatu. Kila mgeni aliyepita pale alisema, "Loo, shamba hili unaweza kulala chini." Grasiana hakusema hivyo. Alichuchumaa, akachukua udongo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akaunusa. Kisha akaingia uani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepoteza kitu shambani kwangu?"

"Hapana, dada. Nilikuwa nautazama udongo. Umechoka sana."

Raheli, jirani wa Tatu, Msambaa mwenye ulimi wa haraka, alikohoa. Hakuna mwingine aliyesogea. Tatu akachota mbegu kwenye kilindo, akajaza kibaba mpaka zikapanda juu, halafu akachukua kijiti na kukipitisha juu ya kibaba, taratibu, punje zote za juu zikarudi ndani ya kilindo. Kibaba cha mfuto. Kwemsala hapakuwa na mtu aliyewahi kupimiwa mfuto.

Grasiana alipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, dada. Mungu akuzidishie."

Kama angenuna, Tatu angelala vizuri usiku ule.

Basi ikaonekana kwamba mwanamke yule hachomi. Alifyeka nyasi za mteremko, akaziacha zikauka, akazipanga chini kwa mistari, mistari ikakatana na mistari mpaka mteremko wote ukawa kama jamvi la miraba. Kisha akachimba katikati ya kila mraba, akatupa udongo juu ya nyasi, na katikati pakabaki shimo la kukinga maji. Akapanda juu ya kingo zile zenye nyasi tumboni. Kwa mbali lilikuwa kama shamba lililochimbwa na nguruwe.

"Anafanya nini yule?" Raheli aliuliza, wakiwa kisimani.

"Anazika," Tatu akajibu. "Amefiwa na nyasi."

Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika, na kwa wiki nzima Grasiana akipita waliambiana, "Pole na msiba." Alipoelewa, naye akacheka. Alimwambia Raheli, "Njoo kwenye arobaini basi." Na hilo nalo Tatu hakulipenda, maana utani ule ulikuwa wake, na sasa watu waliukumbuka kwa jibu la Grasiana.

Masika ile ilianza vizuri ikakatika katikati. Mvua ilinyesha wiki tano, ikanyamaza kama mtu aliyesusa. Katika shamba la Tatu udongo ulipasuka, majani ya mahindi yakajikunja kama masikio ya punda. Kila asubuhi alitoka kutazama lake, na kila asubuhi, kabla ya kurudi, macho yake yaliinuka yenyewe kwenda mteremkoni. Kule kulikuwa kijani. Si kijani cha kung'aa, lakini kijani. Kunde zilitambaa chini ya mahindi zikaficha udongo wote, na yale mashimo yaliyochekwa yalikuwa na unyevu ndani.

"Mahindi ya yule mama yana afya," Mhando alisema siku moja akila.

Kesho yake ugali wa Mhando ulikuwa na mkaa ndani yake, na mboga ilikuwa na chumvi ya watu sita. Mhando aliula wote, akanywa maji mtungi mzima, na hakutaja tena mahindi ya mtu.

Jumbe Mkomwa alipita na wazee wake, akatazama shamba la Tatu, akaondoka; hilo lilikuwa la kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba baada ya hapo alipanda mteremkoni, na akakaa kule muda wa mtu kuchemsha maharage. Mavuno yalipokuja, mahindi ya Tatu yalikuwa vibogoyo, punje hapa, pengo pale. Alizichambua mbegu akimficha hata mwanawe Saumu.

Jumbe alikuja mwenyewe. Alikataa kiti, akasimama na fimbo yake.

"Mama Saumu, ni masika moja. Kila mtu imemkuta."

"Si kila mtu," Tatu akasema.

"Haya. Karibu kila mtu. Lakini desturi unaijua kuliko mimi. Ikifuata ya pili, kilindo kitahama."

"Kihamie wapi?"

Macho ya jumbe yalipanda mteremko kabla hajayazuia.

Kuanzia hapo Tatu hakuwa na kazi nyingine moyoni. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba wivu humla mwenyewe, na haikumsaidia. Alimtazama Grasiana alivyotembea, alivyofunga kanga, alivyocheka na Raheli, ambaye sasa alikuwa akipitia mteremkoni kila siku kwa sababu ambazo hazikueleweka. Bwana Eliasi, bwana shamba kutoka milimani, alikuja na daftari lake kuhimiza matuta ya serikali. Watu walijificha ndani kama kawaida, lakini shambani kwa Grasiana alivua kofia, akatembea kwenye kingo zile akiandika, akauliza maswali mpaka jua likapinduka. Shamba la Tatu alilipita. Akasema tu, "Safi sana, mama," kwa sauti ya mtu anayesifu sahani iliyooshwa isiyo na chakula.

Kuuliza kungekuwa jambo la nusu saa. Angepanda mteremko, angesema, mdogo wangu, unafanyaje? Grasiana angemweleza yote na kumkaribisha uji. Tatu alilijua hilo. Lakini wajukuu wa Hiza hawakuzaliwa kuuliza watu waliopimiwa mfuto. Akaamua kutazama.

Ndipo akaona. Mwezi wa kwanza, jioni tatu mfululizo, Grasiana alipanda njia ya Ngombezi na kapu kichwani, na kapu lile lilikuwa na maganda ya mkonge. Alilimwaga nyuma ya nyumba, mahali Tatu asipopaona kwa sababu ya migomba. Tatu akashika kiuno. Kumbe dawa yenyewe ndiyo ile. Nyasi zilikuwa za kuwazubaisha watu. Siri ilikuwa kwenye korona, kwa mumewe.

Kesho yake alfajiri alishuka Ngombezi na makapu mawili.

Korona iliunguruma, majani ya mkonge yakaingia upande mmoja, singa nyeupe zikatoka upande wa pili, na chini ya mtaro ukamwagika uji wa kijani wa maganda, unatoa povu, unanuka kama tumbo la mnyama. Kwa mbali kidogo kulikuwa na lundo la zamani, jeusi, limeota magugu juu. Tatu alikwenda moja kwa moja kwenye uji wa kijani, akaanza kujaza.

Kasmiri alimwona. Alikuja mbio, amelowa mpaka magotini, akapangusa mikono kwenye gunia alilojifunga.

"Shikamoo, Mama Saumu."

"Marahaba. Mnakataza?"

"Hapana, mama, chukua utakavyo. Ila hayo mabichi yana ukali. Chukua kule kwenye lundo la zamani, yale meusi. Hayo ndiyo ya shamba."

Tatu aliangalia lile lundo jeusi lenye magugu, kisha ule uji wa kijani uliokuwa ukitoka mbichi mbele yake, na akamwelewa Kasmiri kabisa. Mtu gani anampa jirani kilicho kizuri na kumwekea mkewe kilichooza? Yale mapya yalikuwa ya Grasiana. Yeye apewe takataka. Mfuto ulikuwa unarudishwa.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Haya yananitosha."

Kasmiri akarudi kwenye mashine yake. Alikuwa mgeni wa nchi, na mama alikuwa mwenye kilindo.

Siku kumi na mbili Tatu alipanda na kushuka. Maji ya mkonge yalichuruzika shingoni na mgongoni, yakamwasha mpaka ngozi ikatoka malengelenge, naye akapaka mafuta ya nyonyo na kushuka tena. Alichoma shamba kama kawaida, akalifagia, halafu akatandaza maganda mabichi juu yake kama mtu anayetandika godoro, akalima juu yake. Wanawake walipokuja na vikapu aliwapimia mbegu zilizokuwepo, tele kwa tele, mpaka kilindo kikabaki na mbegu zake tu. Grasiana hakuja. Alikuwa na mbegu zake. Tatu alilihesabu hilo pia.

Mvua ya kwanza ilishuka, akapanda kilindo chote.

Mahindi yaliota, na kwa siku nane Tatu alikuwa mtu mwenye furaha. Siku ya tisa ncha za majani zilikuwa njano. Siku ya kumi na mbili zilikuwa kahawia, kama karatasi iliyowekwa karibu na moto. Alichimbua mche mmoja. Mizizi ilikuwa imeungua, myeusi, imejikunja. Alichimbua wa pili na wa tatu, halafu akaacha kuchimbua, akakaa chini katikati ya shamba lake safi lililonuka. Darini kilindo kilikuwa kitupu. Tangu kishonwe hakijawahi kuwa kitupu.

Asubuhi ya siku iliyofuata alisikia jembe. Alitoka, akamkuta Grasiana shambani kwake, ameinama, anakwangua maganda na kuyavuta pembeni kwenye kivuli. Kapu lilikuwa kando yake.

"Shikamoo, dada."

Tatu hakuitikia. "Umekuja kutazama?"

"Kutazama nilitazama jana," Grasiana akasema. "Leo nimekuja kulima."

"Nani kakuita?"

"Hakuna. Kasmiri hajalala vizuri tangu siku ile. Anasema angekunyang'anya kapu." Akavuta maganda tena. "Haya si mabaya, dada. Ni mabichi tu. Yana asidi, kama ndimu kwenye kidonda. Tukiyarundika, tukatia majivu na mavi ya mbuzi, yakalala mpaka yawe meusi, yatakuwa chakula cha udongo. Ninayoyaleta mimi nayarundika nyuma ya migomba, siyatii shambani. Sasa hivi tuondoe haya, mvua mbili zioshe, halafu upande tena. Masika bado changa."

"Nipande nini?"

Ndipo Grasiana alipofunua kapu. Mlikuwa na mahindi ya mbegu, meupe, mazito, na kunde pembeni. Alitoa kibaba kiunoni. Akajaza, akaongeza, punje zikapanda juu, zikaporomoka, akaongeza tena.

"Ni zako hizi," akasema. "Zimetoka kwenye kilindo chako. Zimezaa tu."

Hakukuwa na dharau usoni pake, na Tatu aliitafuta kwa bidii. Angeiona, angemfukuza. Wema wa mtu unayemwonea wivu huwasha kuliko maji ya mkonge, na hauna mafuta ya kupaka. Alisimama pale, shingo ina malengelenge, akakinga upindo wa kanga. Punje zilimwagika chini kati yao. Tatu aliinama akaziokota moja moja, kwa sababu mbegu ni mbegu.

Walilima pamoja siku nne. Tatu hakuuliza kitu hata kimoja. Aliloambiwa alilisikia, asiloambiwa hakuliuliza.

Lakini mahindi ya kuchelewa ni ya kuchelewa. Jumbe alipopita na wazee wake, ya Grasiana yalikuwa na ndevu nyekundu zimening'inia, ya Tatu yalikuwa yanafika magotini. Jumbe aliitisha watu uani kwa Mhando. Raheli alikuwa wa kwanza kusema, na safari hii alikuwa upande wa Tatu.

"Kilindo hakiwezi kwenda kwa mtu wa kuja," akasema. "Leo yuko hapa, kesho mumewe akirudi kwao Songea, mbegu yetu ipande gari la moshi?"

Watu waliguna kukubali. Mzee mmoja akasema desturi ilitungwa kwa ajili ya wenyeji, na masika hii ina sababu zake. Mwingine akasema tumhurumie Mama Saumu, amepata ajali. Grasiana alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na banda la kuku, ameinamisha kichwa.

Jumbe akamgeukia Tatu. "Wewe unasemaje? Ukisema kibaki, kitabaki."

Neno moja. Tatu alikuwa nalo mdomoni tayari. Angelisema, kama yule mzee asingesema tumhurumie. Alijiona akichota mbegu miaka ijayo, na kila anayepokea anafikiri moyoni: tulimwachia kwa huruma. Hiza alikula ndiga akalala, hakumwomba mtu huruma. Kibwana alitoka Rufiji kwa mguu uliovimba.

Aliingia ndani, akapanda darini, akashusha kilindo. Alikitia kichwani, kitupu kama kilivyokuwa, akatoka nacho mbele za watu wote. Alipita katikati yao, akapanda mteremko wa mawe bila kugeuka, na watu wakamfuata nyuma kama arusi isiyo na ngoma. Alikitua mlangoni pa Grasiana.

Grasiana alikuja mbio nyuma yake, anahema. "Dada, mimi sikukiomba."

"Najua. Ungekiomba nisingekupa." Tatu alifuta jasho. "Kiweke juu ya moshi, si karibu na ukuta, mchwa watakula. Na usikizoee. Nitakuja kukichukua."

"Njoo," Grasiana akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kama mtu aliyepata mshindani.

Kweli alikwenda. Ilimchukua masika nne. Hakuchoma tena, na siku ya kwanza ya kutochoma alizunguka shamba kama mlevi aliyenyimwa pombe. Alizika nyasi. Raheli alipopita alimpa pole ya msiba, na Tatu akameza. Alirundika maganda, majivu na mavi ya mbuzi kwenye kivuli, akayageuza kwa mti, akapanda kunde chini ya mahindi, akakinga maji kwa matuta ya kukatisha mteremko. Maji yaliyoshuka barabarani yalianza kuwa meupe, kisha hayakushuka tena. Udongo wake ukarudi kuwa mweusi, polepole, na yeye akaushika kiganjani na kuunusa pasipokuwa na mtu.

Masika mbili mfululizo shamba lake likalishinda la Grasiana, na kilindo kikashuka mteremko kichwani mwake. Miaka mitatu baadaye kikapanda tena kwa Grasiana. Kikashuka. Kikapanda. Jumbe Mkomwa alizeeka akikisindikiza, alisema hakuna kilindo Tanganyika nzima kilichotembea hivyo. Watu wa Kwemsala walishiba kwa sababu ya wanawake wawili waliokuwa wakitazamana, na hata watu wa Mkumbara walikuja kuomba mbegu. Wakati huo wote wawili walipima tele, tele ya kushindana, punje zikimwagika mpaka kuku wakanenepa.

Wivu wenyewe haukwisha. Mtu asidhani ulikwisha. Grasiana akijifungua, Tatu alikwenda na uji, akahesabu magunia ghalani wakati anakoroga. Tatu alipofiwa na Mhando, Grasiana alilala msibani siku saba; Tatu, katikati ya kilio, aliona mama yule ana kucha nyeusi za udongo mzuri, akajiuliza ameutoa wapi. Maana kulikuwa na jambo moja ambalo kwa miaka yote hakulipata. Lundo la Tatu lilichukua masika mbili kuwa jeusi. La Grasiana lilichukua moja. Alitazama kupitia migomba, alipita njia ya nyuma, alihesabu makapu. Kuna kitu Grasiana alitia mle, jani fulani au namna fulani ya kugeuza, na Tatu hakukiona kamwe.

Mwaka wa hamsini na nane kifua kilimshika. Kilindo kilikuwa mteremkoni, masika ya pili sasa. Saumu, binti yake, aliyekuwa ameachika na kurudi nyumbani na jembe lake, alimkalisha mlangoni kwenye jua, mahali ambapo angeweza kuona shamba. Na mteremko.

"Saumu."

"Naam, mama."

"Lundo lile la chini ya mkuyu usiliguse mpaka masika ijayo. Lile la juu limeiva, litie kwenye kingo, si juu, ndani. Usichome hata jani. Wakikwambia shamba chafu, waambie umefiwa."

"Ndiyo, mama."

"Kibaba pima tele. Hata kwa yule Hilaria wa Grasiana, ingawa ana maringo ya mama yake."

Saumu akacheka. "Hilaria hana maringo, mama. Wala Mama Hilaria hana."

Tatu aliinua macho. Juu mteremkoni mtu alikuwa ameinama, anageuza kitu kwa mti, nyuma ya migomba.

"Chukua ndizi zile mbivu," akasema, "upande kule sasa hivi. Umwamkie vizuri. Umwulize lundo lake analitia nini hata likaiva masika moja."

"Kwa nini usimwulize mwenyewe? Atakuja jioni kukuona, kama kila siku."

"Mimi nimekwisha chelewa kuuliza. Wewe bado. Usiseme nimekutuma. Akikwambia, ufanye kama alivyosema, usiongeze kitu chako. Halafu ukirudishe kile kilindo."

Saumu aliinuka, akatafuta kikapu.

"Si hicho," Tatu akasema. "Kile kikubwa. Uzijaze mpaka zimwagike."